Dawa za kuchanganya na oili ili kuzuia moshi, kuna aliyetumia zikasaidia kweli? Spacio yangu inamaliza oili

Kijana wa Nkuhungu

Habari za leo wakuu, na mbukwenyi kwa wale wa nyumbani.

Nina Spacio nyu modo ya 2001, injini 1ZZ cc 1,794, niliinunua mkononi mwaka jana hapa hapa Dodoma, odometa ilikuwa laki mbili na kumi na tisa elfu. Siku ya kuikagua nilimwambia kijana wao apige resi mimi nimesimama nyuma kwenye ekzosi, sikuona moshi wowote, nikalipa hela yangu nikaondoka na gari. Baada ya kama miezi miwili nikaenda kumwaga oili, ile oili niliyoikuta ndani ilitoka nzito inavutika kama asali, fundi mwenyewe akashangaa, nikaweka oili mpya 5W-30 kama kitabu kinavyosema na kuanzia hapo ndio nikaanza kuona moshi.

Sasa hivi hali ni hii. Asubuhi nikiwasha linatoka wingu la moshi wa bluu kama dakika moja hivi halafu linapungua. Naegesha nimegeuzia nyuma ukuta wa mama jirani na ule ukuta umeshaweka doa jeusi usawa wa ekzosi, ukipitisha kidole kinatoka na masizi yenye mafuta. Mama wa watu hajasema kitu lakini mimi mwenyewe naona aibu. Naenda kazini Mtumba na kurudi, ni kama kilomita 45 kwa siku, na naongeza oili lita moja kila baada ya wiki tatu. Chini ya gari hakuna tone hata moja, nimelaza boksi usiku kucha limekuwa kavu.

Wiki tano zilizopita muuza spea mmoja pale Majengo akaniuzia dawa ya kuzuia moshi, chupa elfu 25, akasema namimina tu juu ya oili iliyopo. Nikamimina chupa nzima. Wiki ya kwanza moshi ulipungua kweli nikafurahi, wiki ya tatu ukarudi na naona kama umezidi ule wa mwanzo. Fundi wa kwanza ameniambia ringi za pistoni zimekwisha niandae laki tisa ya ovaholi, yaani kufungua injini yote, fundi wa pili kasema nisihangaike na ovaholi ninunue injini ya Japani nibadilishe. Hiyo hela kwa sasa sina, Januari nina ada za watoto wawili.

Naomba kujua, kuna dawa ambayo mtu amewahi kutumia ikafanya kazi ya maana au hizi zote ni za kutuliza tu? Na nitajuaje kama kweli ni ringi kabla sijatoa laki tisa? Natanguliza shukrani.

Dereva wa Sekenke

Mkuu pole sana. Kabla hujajibiwa mengi, huo moshi ukiwa barabarani unatoka wakati gani? Mimi napita Sekenke mara nyingi kwenda Nzega, ukitaka kujua gari yako tafuta mteremko mrefu, shuka umeachia mafuta gari ishikwe na gia, ukifika chini kanyaga halafu mwenzako wa nyuma aangalie. Likitoka wingu moja pale unapokanyaga halafu likaisha, hizo ni vali sili, vile vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye vali. Kama kila ukikanyaga kupanda mlima linatoka tu bila kukata basi hapo ringi zina shida. Wewe asubuhi linatoka halafu linapungua, mimi naanza kufikiria sili.

Mama Ipagala

Kaka mimi nilikuwa na Corolla 110 ilikuwa na tabia hiyo hiyo ya asubuhi. Nilitumia dawa, sio ya kuzuia moshi ila ile inayolainisha mipira ya ndani ya injini, haikuwa nzito, ilikuwa nyepesi karibu sawa na oili yenyewe. Haikufanya kazi siku hiyo hiyo, ilichukua kama wiki tatu za kutembea ndio moshi wa asubuhi ukapungua, haukuisha lakini ulipungua nikakaa nayo zaidi ya mwaka mpaka nilipoiuza, na niliyemuuzia nilimwambia ukweli wote.

Nataka kusema sio dawa zote ni uongo, ila yangu ilikuwa sili zimekauka tu, injini ilikuwa na nguvu na haikula oili nyingi, ilikuwa nusu lita mpaka namwaga. Wewe lita moja wiki tatu ni nyingi, kilomita 45 mara siku 15 ni kama 675, ongeza za wikiendi hufiki hata 800. Kitabu cha Toyota kinataja lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndio mwisho, wewe umeshavuka.

Kijana wa Nkuhungu

Dada asante, sikuwahi kuipiga hiyo hesabu kabisa.

Mkuu wa Sekenke, jana nilitoka na ndugu yangu kwenye bodaboda nyuma yangu barabara ya Iringa. Nilivyokanyaga kwa nguvu anasema moshi ulikuwepo ila mwepesi, nilivyoachia mafuta muda mrefu halafu nikakanyaga likatoka wingu kubwa. Kwa hiyo inaonekana vyote viwili vipo??

Fundi wa Veyula

Wakuu naomba nichangie, nipo na spana mwaka wa kumi na saba sasa na hizi 1ZZ nimezifungua nyingi.

Ndugu yangu tuanze na ile oili uliyoikuta nzito kama asali. Huyo aliyekuuzia alikuwa ameshaweka hiyo dawa. Dawa nyingi za kuzuia moshi ni kinatio tu, zinafanya oili iwe nzito ili isipenye haraka kwenye ringi na kwenye sili. Ukinunua gari siku hiyo huoni kitu, ukimwaga ukaweka oili ya kawaida ukweli unatoka. Kwa hiyo 5W-30 haikuharibu gari, tatizo lilikuwepo siku nyingi. Mtu akienda kununua gari achomoe kile kijiti cha oili aisugue kati ya vidole viwili, ikivutika nyuzi nyuzi aulize maswali kabla ya kutoa hela.

Pili, ulimimina chupa nzima juu ya oili iliyokuwa imejaa. Hiyo injini inachukua lita 3.7 na filta yake. Dawa nayo inahesabiwa kwenye ujazo. Ukizidisha, krenki inaipiga oili inakuwa povu, presha ya ndani inapanda, oili inasukumwa kwenye mpira wa kupumulia inaingia kwenye hewa na kuungua. Ndio maana moshi umezidi ule wa mwanzo. Leo hii kabla ya kitu kingine pima gari ikiwa sehemu tambarare, kama imepita alama ya juu punguza.

Sasa kuhusu dawa zenyewe, watu wanazichanganya wakati ni vitu tofauti. Kuna hiyo nzito ya kinatio, hiyo inaficha. Kuna ya kulainisha mipira kama aliyotumia dada wa Ipagala, hiyo inafanya sili iliyokakamaa inywe kidogo ivimbe irudi kushika vali, inasaidia kama sili bado ina uhai, ikishapasuka hakuna dawa itakayoishona. Na kuna ya kusafisha, inayeyusha kaboni, hii ndiyo inayohusu injini yako na nitaeleza kwa nini.

1ZZ za mwanzo, zile za kabla ya kama 2002, pistoni zake zilitengenezwa na matundu madogo na machache ya kurudishia oili, yale yaliyoko nyuma ya ringi ya oili. Oili ikichelewa kumwagwa inaganda pale, matundu yanaziba, ringi inanasa kwenye mfereji wake haichezi tena. Inabaki haikwangui oili kwenye ukuta wa silinda, oili inapanda juu inaungua. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni. Kwa hiyo mtu akikwambia ringi zimekwisha anaweza kuwa sahihi au zinaweza kuwa zimenasa tu, na kunasa sio kuisha. Ringi iliyonasa unaweza kuibembeleza ikaachia, iliyolika huna la kufanya ila kufungua.

Na sisi wa Dodoma tuna jambo letu lingine, vumbi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinapokuja upepo unapiga vumbi kila mahali, na mtu anatoa filta ya hewa anaipigapiga kwenye tairi anairudisha mwaka wa tatu, au kile kifuniko chake klipu imekatika anafunga na waya. Vumbi linapita pembeni linaingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Pitisha kidole ndani ya ule mpira mkubwa baada ya filta, ukitoka na vumbi jekundu hapo ringi zinalika kila siku na hakuna chupa itakayokusaidia.

Kwa hiyo mimi nakuomba usinunue chochote kwanza. Fanya haya:

Chomoa vali ya PCV, ile ya kupumulia injini, ipo kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, imefungwa kwa mpira, itikise, inatakiwa ilie tika tika. Puliza upande unaofungwa kwenye injini hewa ipite, puliza upande wa pili igome. Ikinyamaza au ikipitisha kote kote badilisha, ni kitu cha bei ndogo na nimeona gari zimetulia kwa hicho tu, baada ya mwenyewe kuambiwa ovaholi.

Chomoa plagi nne zipange mezani kwa mpangilio wake. Angalia ile ncha, sio juu. Ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi kwa juu hiyo ni mipira ya tapeti kava, haihusiani na moshi. Ncha ikiwa na masizi yenye oili unajua silinda ipi inakula.

Halafu mtafute fundi mwenye kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Apime kavu, bila kumwagia oili, zote nne, injini ikiwa na moto, mafuta umekanyaga mpaka chini. Usishtuke namba zikiwa chini kidogo ya za kitabu, Dodoma tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari hewa ni nyepesi kuliko Dar, tazama zaidi tofauti ya silinda na silinda, isizidi psi 14 hivi. Iliyo chini mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi. Hicho kipimo kwangu ni elfu 20, na hakuna fundi anayetakiwa kukutajia laki tisa kabla ya kukifanya.

Mzee wa Kibaigwa

Mnamzungusha kijana bure. Mimi gari yangu niliweka 20W-50 miaka minne iliyopita moshi ukaisha na mpaka leo inapiga Kibaigwa Morogoro na mzigo. Joto letu hili linataka oili nzito. Aweke hiyo aendelee na maisha yake ada ilipwe.

Fundi wa Veyula

Mzee wangu shikamoo. Sikupingi, kwa gari nyingi za zamani inasaidia, na kwa mtu asiye na hela ya kufungua injini afadhali oili nzito kuliko dawa ya chupa, maana oili unajua ni oili. Ila kwa 1ZZ yenye matundu yaliyoziba mimi ningeishia 10W-40. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi hapa kunakuwa na baridi, 20W-50 inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti na kwenye kile kikaza cheni, utasikia cheni inalia ukiwasha, na kila asubuhi vyuma vinasagana kavu kwa zile sekunde. Ringi itakuwa bado imenasa vile vile.

Mwalimu wa Chamwino

Samahani nikatize, naomba mtu yeyote atakayenunua ile dawa ya kusafisha asome hiki kilichonipata. Gari yangu ilikuwa haijamwagwa oili kwa muda mrefu, ndani kulikuwa na tope jeusi, ukifungua kifuniko cha oili unaliona limeganda kama ugali wa jana. Nikaambiwa niweke dawa ya kusafisha, kwenye chupa imeandikwa uache injini iungurume dakika kumi bila kutembea halafu umwage. Aliyenifanyia akasema nitembee nayo siku mbili ndio itasafisha vizuri, nikamwamini kwa sababu sikujua.

Siku ya pili natoka mjini kurudi Chamwino, kabla ya Buigiri ile taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilidhani oili imeisha, nikasema nifike tu kwenye maduka ni karibu. Kama kilomita mbili hivi injini ikaanza kugonga, mlio wa chuma kwa chuma, nikazima ikawa haina faida tena. Walipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wakakuta chujio la kuvutia oili limezibwa na lile tope lililoyeyuka, oili ilikuwepo imejaa ila haikuwa inapanda. Besheni zilikufa zote na krenki ikaenda kuchongwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka zima injini pale pale ulipo hata kama ni katikati ya pori, mimi zile kilomita mbili ndizo zilizonigharimu injini.

Dereva wa Sekenke

Pole sana mwalimu. Hii niliijua kwa jina tu sikuwahi kusikia mtu akiielezea hivi.

Fundi wa Veyula

Mwalimu pole, na umesema jambo kubwa. Injini yenye tope mimi siweki dawa kali kabisa. Nashusha sampu, nasafisha chujio kwa mkono, halafu namwambia mtu amwage oili kila kilomita 1,500 mara tatu au nne, oili yenyewe ina sabuni ndani inasafisha taratibu. Inachosha na inagharimu lakini haiui injini.

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu nimerudi, imepita wiki sita samahani kwa kuchelewa, nilitaka nilete kitu nilichokiona kwa macho.

Oili kweli ilikuwa imepita alama, karibu kidole kizima juu. Nilimwaga yote. PCV ilikuwa imenyamaza kimya kabisa, imeziba na kitu cheusi kigumu, nikanunua mpya. Plagi tatu zilikuwa na rangi ya kahawia ya kawaida ila ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi inang'aa, ncha yake imelowana, niliifuta na karatasi ikaacha alama ya oili.

Kompresheni ilitoka 165, 162, 148 na 164. Fundi alivyoweka kijiko cha oili kwenye ya tatu ikapanda mpaka 170 na kitu. Kwa hiyo ni ringi za silinda ya tatu. Filta ya hewa nilikuta kifuniko kimefungwa vizuri na ndani hakuna vumbi, nikashukuru Mungu kwa hilo.

Tukakubaliana kufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza alishusha sampu, chujio lilikuwa na tope kidogo tu akalisafisha. Halafu akaleta pistoni zote zikawa katikati, akamimina dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye matundu ya plagi, akaliacha gari lilale na dawa mpaka kesho yake jioni, katikati anaizungusha krenki kidogo kwa mkono. Alinisisitiza sana kwamba usipige stata plagi zikiwa zimefungwa wakati kuna maji maji ndani, kimiminika hakibanwi kama hewa utapinda fimbo ya pistoni. Akachomoa soketi za injekta, plagi zikiwa nje akafunika matambara ndio akapiga stata, ikarusha uchafu mweusi kama wino. Oili ikamwagwa kwa sababu ile dawa inashuka mpaka chini.

Ya pili ilikuwa sili za vali, zote 16, bila kufungua silinda hedi. Sikuamini mpaka nilipoona. Alivua kamshafti mbili cheni akaifunga na waya isidondoke, halafu kila silinda anapenyeza kamba safi ya katani kwenye tundu la plagi, inaingia nyingi tu kama mita moja hivi, anazungusha krenki kwa mkono mpaka ile kamba inabanwa na pistoni na kuzizuia vali zisidondoke ndani. Hapo anabonyeza springi anatoa sili ya zamani anavisha mpya. Zile za zamani nilizichukua mkononi, zilikuwa ngumu kama plastiki ya kifuniko cha soda, moja niliikunja ikavunjika vipande viwili. Hapo ndio nilielewa kwa nini hakuna dawa ingezilainisha.

Gharama yote na oili 10W-40, filta, sili, PCV na mkono wa fundi ni laki tatu na elfu kumi. Sio ndogo kwangu ila sio laki tisa.

Matokeo, silinda ya tatu imepanda kutoka 148 mpaka 157. Moshi wa asubuhi umeisha, nasema umeisha kabisa. Nikikanyaga sana kupanda mlima ndugu yangu anasema bado anaona kidogo. Nimetembea kilomita 1,000 kamili nikapima sehemu tambarare asubuhi kabla ya kuwasha, nimeongeza chini ya nusu lita, kwenye chupa ni kama mililita 400.

Mama Ipagala

Hongera sana kaka, hiyo ni gari nyingine kabisa.

Fundi wa Veyula

Safi sana, na huyo fundi wako anajua kazi yake mshike. Sasa oili ya sasa usiisubirishe, mwaga ukifika kilomita 2,000, ya mbele yake 3,000, usiweke dawa yoyote humo. Pima kompresheni tena baada ya hapo, ringi iliyoanza kuachia inaweza kuendelea kuachia. Ikibaki mililita 400 kwa kilomita 1,000 endesha gari yako kwa amani, tembea na lita moja kwenye buti na uchungulie kijiti kila Jumamosi.

Kijana wa Nkuhungu

Nimekuelewa mkuu, nimeiandika kwenye karatasi nimeibandika ndani ya kifuniko cha dashibodi. Jumamosi iliyopita nilinunua rangi kopo dogo nikaupaka ukuta wa mama jirani, hadi leo asubuhi upo mweupe.